Ushuhuda wa Mama Rubani

Mficha uchi hazai. Waliosema hivyo hawakuona haya kuyataja ya mwili, kwa maana walijua kisa chake. Mtu anaweza kujifunika mbele ya ulimwengu mzima na asilaumiwe na yeyote, lakini akijifunika hata mbele ya mkunga, basi mtoto ataupata wapi mlango wa kuingilia duniani? Sylvance Obura aliisoma methali hii shuleni, akaiandikia insha, na mwalimu akamsifu mbele ya darasa. Kuiandika, jamani, si kuielewa.

Alizaliwa katika nyumba za reli za Makongeni, kifungua mimba wa Mzee Obura, fundi wa garimoshi, na mkewe Perez. Alipokuwa na miaka mitatu familia ilirudi kutoka kijijini kwao, Siaya, baada ya Krismasi, naye akashikwa na malaria. Homa ikapanda, macho yakageuka, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Ilikuwa degedege. Baba alimbeba hobelahobela hadi hospitalini, mama akamwendea mchungaji. Sindano ikafika na maombi yakafika, mtoto akapona, wala hakuanguka tena. Aliyemponya ni nani? Perez hakuwa na shaka hata chembe. Kila Januari alisimama kanisani akausimulia muujiza huo, na akina mama wenzake wakapiga vigelegele. Mzee Obura alisikiliza hadi alipofariki, asibishe wala asiunge mkono.

Sylvance alikua akiinua uso kila ndege ilipopita juu ya mapaa ya Makongeni. Kanisa likamchangia, akasomea urubani, akahitimu, kisha akakanyaga lami akitafuta kazi hadi soli zikalalamika. Hatimaye kampuni moja ya ndege ikamwita. Mitihani yote aliipita. Ukabaki uchunguzi wa daktari.

"Mama, daktari ataniuliza kama niliwahi kuanguka," alisema jioni moja.

Perez aliacha kuchambua mboga. "Na wewe utajibu nini?"

"Si niseme ukweli?"

"Ukweli ni kwamba Mungu alikuponya. Ukisema una ugonjwa, utakuwa umemwita Mungu mwongo."

"Lakini wewe mwenyewe huyasema kanisani, watu wote wakisikia!"

"Kanisani ni ushuhuda, wuoda, mwanangu. Kwa daktari ni ugonjwa. Na wewe huna ugonjwa."

Alimwendea Hirad, rafiki yake tangu darasa la kwanza, ambaye sasa aliuza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Hirad aliijua hadithi hiyo kama alivyojua jina lake.

"Buda, wewe sema tu," Hirad alimwambia. "Daktari si karao wa kukutia pingu. Ulikuwa mtoi, ukashikwa na malaria. Ni nani mtaani hajawahi kuumwa malaria?"

"Ni rahisi kwako kusema. Kazi si yako."

"Sawa basi. Lakini usije ukasema sikukushow."

Sylvance aliondoka amenuna. Hakukasirishwa na ushauri. Kilichomuudhi ni kwamba Hirad alikuwa anajua.

Daktari Khalayi, aliyewapima marubani wa kampuni ile, alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alimpima moyo, macho na masikio, kisha akavua miwani na kumtazama.

"Umewahi kuzirai? Kifafa, degedege, hata ukiwa mtoto mchanga?"

"Hapana, daktari."

"Hata mara moja? Usiogope. Yapo mambo ambayo mtu huyaona mlima, nasi tukiyachunguza tunayakuta kichuguu."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. "Hapana, daktari. Sijawahi."

Alipata kazi. Akavaa yunifomu iliyomkaa kama aliyozaliwa nayo, akaketi kando ya Kapteni Mwangangi kama rubani msaidizi. Mtu angedhani sasa furaha ingemfuata hadi chumbani. Wapi! Alihamia Donholm, akakodi nyumba asikojulikana na yeyote, akaacha kwenda kanisani Makongeni kwa kuwa kila aliyemsalimu huko alikuwa shahidi. Simu za Hirad akawa hazipokei, mwishowe Hirad naye akachoka kupiga. Clare, binti aliyempenda kwa dhati, alimwomba amsimulie utoto wake. Akamjibu kwamba ulikuwa wa kawaida tu, akabadilisha mazungumzo, hadi binti wa watu akaona amekwenda kupenda ukuta. Kichwa kikimgonga kidogo kwa kukosa chai, alidhani maradhi yamerudi kumdai, na hakuwa na wa kumuuliza. Aliyekuwa na uwezo wa kumtoa hofu ni daktari yule yule ambaye yeye mwenyewe alimdanganya. Alikuwa mpweke, mpweke wa kutia huruma, mtu aliyebeba abiria kwa makumi na asiwe na hata mmoja wa kuongea naye.

Perez alikuwa na jambo lake. Mtoto wa kanisa amekuwa rubani, basi lazima pafanywe ibada ya shukrani, na mgeni wa heshima awe mkubwa wake wa kazi. Ndivyo inavyofanywa. Sylvance alisingizia safari, akasingizia uchovu, lakini mama alishikilia hadi akapewa nambari ya Kapteni na kumwalika mwenyewe.

"Mama, nakuomba, usitoe ule ushuhuda."

"Nitasema asante tu, mwanangu. Asante na nikae."

Jumapili ikafika. Kapteni Mwangangi aliketishwa mbele, shada la maua shingoni. Perez, kitambaa cheupe kichwani, alisimama kusema asante. Akasema asante. Kisha akamwona mwanawe katika yunifomu, na furaha ikamzidi nguvu.

"Ndugu zangu, mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyekuwa akitetemeka mikononi mwangu, macho yamegeuka, povu mdomoni! Walisema hatapona. Leo anaendesha ndege!"

Kanisa lilirindima kwa vigelegele. Sylvance alitazama sakafu. Kati ya watu wote waliomshangilia, hakuna aliyejua kwamba walikuwa wakimzika.

Kapteni alikula wali na kuku, akashukuru, akaombewa. Walipofika kwenye gari lake ndipo alipouliza, "Haya aliyoyasema mama, Daktari Khalayi anayajua?"

Sylvance alimfungulia mlango wa gari bila kumtazama.

"Kesho nenda ukamwambie wewe mwenyewe. Usingoje nimwambie mimi."

Alikwenda. Alimweleza daktari yote, tangu Siaya hadi shada la maua. Daktari Khalayi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza maswali machache, kisha akashusha pumzi.

"Miaka mitatu, homa ya malaria, mara moja tu, na haijarudi. Ungeniambia siku ile, ningekutuma kwa mtaalamu wa ubongo, akupime, na naamini ungerudi hapa ukiwa na ruhusa ya kuruka. Degedege ile haikuwa ya kukunyima kazi."

"Basi nipime sasa, daktari. Tafadhali."

"Nitakupima, na huenda nikakukuta mzima. Lakini kampuni haitauliza kama u mzima. Itauliza, siku ukiwa angani na kitu kikakusumbua, je, utasema? Mimi nitaijibu nini?"

Barua ya kusimamishwa kazi haikukawia. Jioni hiyo Sylvance alikwenda Makongeni akiwa na nguo za nyumbani. Mama alimtazama, akaelewa kabla hajaambiwa, akaanza kulia.

"Ni mimi, wuoda! Ni mdomo wangu huu!"

"La, mama. Wewe ulisema kweli, tena kwa furaha. Mimi ndiye niliyeulizwa na mtu aliyetaka kunisaidia, nikamfungia mlango."

Alitoka nje, akampigia Hirad simu. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Ndege ilipita juu ya mapaa ya nyumba za reli ikielekea kutua, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakuinua uso. Aliketi kizingitini akirudia moyoni ile insha yake ya zamani, neno kwa neno, na sasa hakuhitaji mwalimu wa kumweleza maana: mficha uchi hazai.