Mtamba wa Bibi Nakijwa

Sikilizeni, kisha mnisaidie kuamua. Kule milima ya Usangi walikuwapo watu watatu. Sefania alikuwa na jicho: jirani akibadilika hata mwendo, yeye ndiye wa kwanza kugundua. Elieza, mfamasia wa zahanati, alikuwa na ujuzi wa dawa. Na Nanzia alikuwa na subira iliyowachosha hata wakaidi.

Bibi Nakijwa alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Mbonea. Wote wawili walikuwa na presha, na vidonge vyao walivitia katika kopo moja, kwa kuwa macho yao hayakuweza tena kusoma maandishi. Mzee alianguka zizini akafa. Watu wakasema ni uzee. Bibi akaendelea kumeza vilivyobaki, vyake na vya marehemu, maana aliona vibaya kutupa kitu cha mumewe.

Akaanza kupepesuka. Asubuhi akiinuka nyumba ilimzunguka, na mara moja aliangukia mafiga. Sefania, jirani aliyekuwa akimchotea maji, akamwambia, "Bibi, jioni huwa mzima. Unaanguka ukishameza dawa."

"Ni majonzi tu, mwanangu."

Sefania hakubishana naye. Aliteremka hadi zahanati akaeleza alichokiona.

Elieza akapanda mlima kwa miguu. Alimwomba bibi amimine kopo kwenye ungo, akavichambua vidonge taratibu.

"Hivi vyeupe na hivi vya manjano ni dawa ile ile, majina tu tofauti. Umekuwa ukinywa mara mbili, bibi. Ungeendelea, ungelala usiamke."

Akampigia daktari simu, wakakubaliana dozi, akamtengea vyake na kuviondoa vingine.

Bibi akauliza, "Na Mbonea?"

"Naye alikuwa akinywa humu?"

"Humu humu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa."

Elieza akaweka ungo chini. "Sijui, bibi. Siwezi kukwambia ndiyo, wala siwezi kukuapia hapana."

Tangu siku hiyo Nakijwa hakugusa kidonge. Kila akiutazama mkono wake, alimwona mumewe akipokea dawa na kushukuru. Presha ikapanda, ulimi ukawa mzito. Ndipo mkwewe Nanzia alipofunga genge lake la mboga kule Mwanga, akahamia kwake. Kila asubuhi aliketi naye, uji mkono mmoja, kidonge mkono wa pili. Bibi akigeuza uso, Nanzia alingoja. Uji ukipoa, aliupasha.

"Sikulazimishi, mama," alisema. "Ila siondoki."

Asubuhi moja bibi akafungua kinywa.

Alipopata nguvu aliwaita wazee wa ukoo. Marehemu alimwachia mtamba mmoja wa ng'ombe, naye alitaka apewe yule aliyeokoa uhai wake. Mzee mmoja akasema ni wa Sefania: asingeona yeye, tungekuwa tumeshazika tena. Wa pili akasema Sefania aliona tu, hakujua la kufanya. Ni wa Elieza. Wa tatu akasema ni wa Nanzia: vidonge vya Elieza vingemsaidia nani kama vingebaki kwenye kopo?

Wakamgeukia bibi. Alikuwa akitazama zizi.

"Niamulieni ninyi," akasema. "Mimi niliamua nani ameze nini katika nyumba hii, na mmeona."

Hadi leo mtamba hajatolewa. Je, ninyi mnaonisikiliza, kamba yake mngemkabidhi nani?