Kuku wa Ng'ambo ya Ua

Ndugu zangu, kuna walimu wawili, jirani kwa jirani, waliostaafu mwaka mmoja na kupokea kiinua mgongo mwezi mmoja. Kati ya nyumba zao ulikuwapo ua wa michongoma. Mmoja alifuga kuku mia mbili wa mayai. Wa pili kazi yake ilikuwa kuchungulia.

Msicheke. Mnaocheka nawajua.

Kila asubuhi aliona trei za mayai zikitoka kwa mwenzake, roho ikamuuma kweli kweli. Akamwambia mkewe, "Huyu tumefundisha naye, mshahara ule ule. Leo anapaka nyumba rangi! Ni hao kuku tu."

Mkewe akamjibu, "Baba watoto, si umwulize anaishije? Hela hiyo ndiyo uzee wetu wote."

"Nimwulize mimi? Ili anione mjinga?"

Akachukua kiinua mgongo chote, akajenga banda, akanunua kuku elfu mbili. Elfu mbili! Ili na jirani naye achungulie. Miezi mitano alitembea kifua mbele.

Kisha mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukaingia mtaani, ukaanzia kwa jirani. Kuku mia mbili wakaisha kwa siku tatu. Je, mwenzetu alisikitika? Alifurahi, ndugu zangu! Akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kutoa pole. Akamkuta jirani barazani, anakunywa chai.

"Pole, mwalimu. Sasa mtakula nini?"

"Ahsante, mwalimu. Kuku walikuwa wa hela ya mboga na sadaka tu. Sisi tunaishi kwa kodi ya vyumba viwili kule karibu na stendi. Serikali nayo nimeikopesha kwa hati fungani, inanilipa riba kila baada ya miezi sita. Kiasi kingine kiko kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Uzee ni mrefu, niliogopa kuegemea kitu kimoja. Karibu chai."

Hakuionja. Ng'ambo ya ua mkewe alikuwa ameanza kupiga kelele: kuku wao nao wanaanguka.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa ni nyumbani mwa Bwana. Sisi wivu wetu una macho lakini hauna mdomo. Unaona kuku kwa sababu kuku wanaonekana. Hati fungani nani ataiona juu ya michongoma? Tunaiga kile kinachotuuma, tunakiongeza mara kumi, kisha tunasema shetani ametuingilia. Shetani gani? Hata mimi mchungaji wenu nimewahi kumchungulia mwenzangu, na siyo mara moja.

Wamo humu ndani watakaostaafu mwezi wa sita. Na yule unayemwonea kijicho yumo humu humu, ameketi nyuma yako. Ibada ikiisha, mfuate umwambie, "Mwenzangu, nifundishe." Itakukwama kooni, najua. Lakini aibu hiyo ni ya dakika moja. Yule mwalimu aliikwepa, na leo mkewe, mama wa miaka sitini na tano, anakaanga maandazi ya kuuza ili yeye apate kula.