Mninga wa Nakilala

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, watu wa Nakilala walikubaliana kuacha kuumaliza msitu wao. Mvua zilikuwa zimeanza kuwakimbia, na walishaambiwa kwamba moshi wa misitu inayoungua huitia joto dunia nzima. Basi mkaa marufuku, kufyeka marufuku. Ingekatwa miti michache tu, ile iliyotiwa alama. Mti wa kwanza, mninga mnene wa mbao nyekundu, aliahidiwa mtu atakayeulinda msitu kuliko wenzake.

Kijijini hapo palikuwa na mwanamke aitwaye Somoe. Mumewe, Mbaraka, alianza kurudi nyumbani msafi mno. Mtu ameshinda shambani, anarudije ananukia sabuni? Leo sabuni, kesho sabuni, keshokutwa sabuni.

"Mama Zuhura, mbona wanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu, baba Zuhura. Umependeza."

Moyoni akasema: yuko mwanamke.

Asubuhi moja akamfuata. Mume mbele, mke nyuma. Mume akavuka kijito, mke akavuka. Mume akaingia msituni, mke akaingia. Hakukuta mwanamke. Alikuta tanuri la mkaa, magogo yamefunikwa udongo, moshi unavuja, na Mbaraka mweusi tii kwa masizi.

Kabla Somoe hajafumbua mdomo, upepo ukavuma, tanuri likapasuka, moto ukarukia nyasi kavu. Somoe akakimbilia kijijini akipiga yowe. Mbaraka angeweza kutoroka. Hakutoroka. Alivunja matawi mabichi, akaupiga moto mpaka viganja vikababuka.

Wa kwanza kufika alikuwa rafiki yake, Nampunju, mfuga nyuki. Akaona moto unaelekea msitu mnene, na njiani kipo kichaka chenye mizinga yake yote. Akakichoma mwenyewe, ili moto ukifika ukose cha kula. Nyuki wakafa, asali ikateketea, moto ukaishia hapo.

Kijiji kilipokutana kuamua nani apewe mninga, Somoe akasimama.

"Mninga ni wangu. Nisingemshuku mume wangu, nani angepiga yowe?"

"Shemeji," akasema Nampunju, "ulikwenda kulinda msitu au ndoa yako? Msitu hata hukuuwaza. Mimi ndiye niliyechoma mali yangu. Mninga ni wangu."

Somoe akamkazia macho. "Mizinga yako ilikuwa palepale, karibu na tanuri. Moshi wa tanuri hukuunusa, shemeji?"

Nampunju akatazama chini. "Niliunusa. Niliogopa kugombana na rafiki yangu."

Ndipo Mbaraka akainuka, mikono imefungwa vitambaa.

"Tanuri ni langu. Nilitaka mabati ya nyumba. Adhabu nitaipokea. Lakini nisingebaki kuupiga moto, ungemfikia Nampunju kabla hajawasha kiberiti."

Watu wakaguna. Somoe alimwonea huruma, lakini shaka ikamtafuna: alibaki kwa ajili ya msitu, au kwa sababu alishaonekana?

"Baba Zuhura, nisingekuwa nimekufuata, ungebaki?"

Mbaraka akaketi.

Mwenyekiti, Bi Asumini, akawatazama wote watatu asimwamini hata mmoja, kisha akawageukia watu, kama ninavyowageukia ninyi. Mke aliyeshuku jambo jingine, rafiki aliyenyamaza, mchoma mkaa aliyebaki. Je, mninga ni wa nani?