Mwamba wa Pimbi na Mbuga ya Nyati

Sogeeni karibu, watoto. Hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na masufuria yao, Nyati aligombana na Tembo. Tembo alikuwa anakanyaga mtama wa watu kila mwaka, na haombi radhi. Nyati akachoka. Akachukua ukoo wake wote, akavuka korongo kavu, akasema, "Kuanzia hapa ni nchi yangu."

Na ilikuwa nchi kubwa kweli. Ukitoka asubuhi kuizunguka, unarudi siku ya tano, miguu imevimba.

Tembo akasema, "Nchi gani? Mimi siioni." Wanyama wengine walimwogopa Tembo, kwa hiyo na wao wakasema hawaioni.

Sasa kulikuwa na Pimbi, kamnyama kadogo, mkia hana. Nchi yake mwamba mmoja tu. Ukibandika uji ukaenda kuizunguka, unarudi haujachemka. Lakini hiyo ilitambuliwa na wote. Tembo mwenyewe akifika alisimama chini, akapiga hodi, akangoja aambiwe "karibu". Ndiyo ilikuwa sheria yao: nchi ni pale ambapo jirani mkubwa amepiga hodi, mwenyewe akaitikia, na watu wamesikia.

Mwaka huo jua likawaka sana. Kikabaki kisima kimoja, na mlinzi wake alikuwa Bi Twiga. Nyati akaja na ndama wake, ndimi zimekauka.

"Wa nchi gani?" akauliza Bi Twiga.

"Ng'ambo ya korongo."

"Hiyo haipo."

"Haipo vipi, Bi Twiga? Mimi nimetoka huko sasa hivi."

"Haijapigiwa hodi, kaka. Kisima ni cha wenye nchi. Kaa pembeni, mwingine apite."

Mwingine ndiye Pimbi. Akajaza kibuyu chake, gudu gudu gudu, akaenda zake.

Nyati akamfuata mpaka nyumbani. Akapanda mwamba. Miguu ya mbele ikaenea, ya nyuma ikabaki inaning'inia.

"Tunabadilishana," akasema. "Wewe chukua mbuga yangu, mimi nakaa hapa."

"Na ukoo wako je, kaka Nyati?"

Nyati akafikiri sana. "Watapokezana."

"Mtapokezana nchi?"

"Mimi sielewi kitu, Pimbi. Huu mwamba wako ningeuweka kwangu, ningeupoteza kwenye majani. Mbona wewe unanywa na wanangu hawanywi? Kesho saa sita, kama hawajanywa, nauchukua kwa pembe."

Pimbi akaangalia nyumba yake. Hana nyingine. Pembe za Nyati nazo akaziangalia.

"Kesho saa sita Tembo atakupigia hodi," akasema. "Jenga boma la miiba kwako, kando ya korongo. Bandika viazi vitamu, vingi. Halafu kaa ndani, kimya."

"Kwa nini?"

"Kaka, wewe pika tu."

Akakimbia kwa Tembo, pu pu pu pu. "Shikamoo mzee. Binti yangu anaolewa kesho. Viazi vitamu vipo. Lakini mwambani kwangu unakujua, ukikaa wewe bibi harusi atakaa wapi? Nimetengeneza boma ng'ambo ya korongo."

"Ng'ambo ya korongo si kwangu kule?"

"Mambo ya mipaka siyajui, mzee. Mimi nimeshughulika na viazi."

Tembo akacheka. "Nitakuja na tumbo tupu."

Kesho yake wageni walioalikwa na Pimbi wakaja, Tembo mbele, Bi Twiga nyuma yake. Wakakuta mlango wa miiba umefungwa. Harufu ya viazi ikatoka. Tumbo la Tembo likalia, nguruu. Lakini Tembo, pamoja na ubabe wake, alilelewa na mama mwenye adabu. Hajawahi kuingia kwenye shughuli ya mtu hivihivi.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe."

"Karibu," ikajibu sauti nzito.

Pimbi ana mafua, Tembo akawaza. Mlango ukafunguliwa. Nyati huyo, mwiko mkononi.

"Karibu nchini kwangu, mzee."

Tembo akakataa. "Mimi nimempigia hodi Pimbi."

Sauti ndogo ikatoka chini, kati ya miguu ya wageni. "Mimi niko huku nje na wewe, mzee. Nami nangoja kukaribishwa."

"Hodi nimeisikia," akasema Bi Twiga. "Na karibu nimeisikia."

"Ifute."

"Haifutwi. Au niwaambie watu kwamba Mzee Tembo amekuja kwenye karamu bila hodi?"

Tembo akawatazama wageni. Akatazama viazi. Masikio yakamlegea. "Basi," akasema polepole, "nionyesheni pa kukaa."

Wakati wao wanakula, ndama walikuwa wameshafika kisimani, na Bi Twiga alikuwa ametangulia kurudi, akawafungulia mwenyewe. Nyati akamvuta Pimbi pembeni.

"Nieleze. Mbuga ni ileile ya jana. Haijaongezeka hata unyasi. Leo imekuwaje nchi?"

"Kaka," akasema Pimbi, "hata mimi sijui vizuri. Nenda kanywe na wanao."

Basi watoto, funzo ni hili: mkubwa akikataa kukutambua, usimwendee kwa pembe, mwendee kwa adabu yake mwenyewe.