Mbwa Aliyelionea Wivu Sinia

Ngano yaja!
— Na ije, tumekaa kitako.
Yaja na wivu!
— Tugawie kidogo.

Hapo zamani za kale palikuwa na mrina asali, Mhina, na mbwa wake mlinzi, Sikuachi. Mhina akaoa mke, Chausiku, mpishi hodari. Nyumba ikawa na watu wawili, mbwa mmoja, na wivu wa kutosha kijiji kizima.

Mhina akirudi porini, kwanza alimkuna mbwa masikio, ndipo amsalimu mkewe. Chausiku roho ikamuuma kwelikweli.

Jioni mume na mke walikula sinia moja, wali na mchuzi uliosheheni vitunguu. Sikuachi aliwekewa ugali na dagaa kwenye kigae chake, kando. Naye roho ikamuuma. Akaimba:

"Mkono wa bwana, mkono wa bibi,
sinia moja, mimi kando."

Mhina akamwambia ale chakula chake, basi. Alijua tangu kwa babu yake kwamba kitunguu humuua mbwa polepole. Alijua, akanyamaza. Hakumwambia mbwa, hakumwambia mke.

Ikafika safari ya asali ya mbali, Mhina akaondoka. Chausiku akawaza: nikimlisha vinono atanifuata mimi, na Mhina akirudi aone wivu yeye. Akamwita mbwa kwenye sinia.

"Sogea, baba. Leo tunakula pamoja."

Jioni ya kwanza akala, akaimba. Jioni ya pili akala, akaimba. Jioni ya tatu akala, akataka kuimba, sauti haikutoka. Fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa wa kahawia, miguu ikamwisha nguvu.

Mhina akarudi. Mbwa hakuinuka. Basi siku hiyo akamsalimu mkewe kwanza, salamu aliyoitamani tangu aolewe. Chausiku akaipokea huku analia.

"Umempa nini?"

"Nilichokula mimi. Sikumnyima kitu, mume wangu."

"Vitunguu ni sumu kwake. Nami sikukwambia."

Chausiku akapiga magoti kando ya mbwa. "Nilikuonea wivu, Sikuachi."

"Nami nilikuonea wewe, bibi," mbwa akanong'ona. "Nilidhani anayewekwa kando hapendwi."

Chausiku akamuuguza mwenyewe. Akamnywesha maji, akamlisha maini, akambeba kumpeleka juani na kumrudisha ndani. Mbwa akapona kwa shida.

Haya, wasikilizaji. Vitunguu, zabibu za kwenye pilau, na hizo chokoleti zenu za siku hizi, mbwa asionje. Ukimpenda mpe chakula chake, na watu wote wa nyumbani uwaambie sababu.

Mbwa alipona, wivu wake haukupona. Mpaka leo ukila, atakaa kando akiufuata mkono wako kwa macho mpaka mdomoni, na moyo utakuuma. Uache uume. Mnyime.

Ngano nimeipakua, sufuria tupu. Nawe unayechungulia sahani yangu, kaa kando hivyohivyo.