Mtungi Mmoja, Vifua Vitatu

Haya, sogeeni, na mwenye karanga mdomoni ameze kwanza. Hadithi hii haipendi kelele. Nikimaliza mimi kusema mtasema nyinyi, na ole wake atakayeniambia "sijui".

Palikuwa na mji wa pwani uitwao Mkunguni, mji wa mahoteli na watalii wa kuota jua. Nyuma ya mahoteli palikuwa na jaa la taka. Jaa hilo lilishika moto chini kwa chini, likafuka miezi na miezi, na upepo ulipokatika moshi wake ulitambaa mjini bila rangi wala harufu. Watu waliuita Mgeni. Wengine waliapa kwamba kabla ya kuingia hupiga hodi, tena kwa sauti ya mtu unayempenda. Basi kila asubuhi ofisi ya mji ilisoma mashine yake ya kupima hewa, na ufukweni ikapandishwa bendera. Buluu, hewa safi. Nyekundu, pandeni Kilimani upesi.

Mjini humo walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Mwatime, muuza mahamri. Pua yake ilinusa leo hewa ya kesho. Ukimwona amekunja uso juu ya karai, anua nguo zako kambani. Hakukosea hata siku moja, lakini nani amsikilize muuza mahamri?

Wa pili ni Mzee Bwanaheri, mpandisha bendera. Huyo hakuwahi kusema uongo, hata ule wa kumfurahisha mtu. Siku ya harusi mkewe alimuuliza kama amependeza, akajibu, "Kiasi." Msicheke! Watu walimnunia kwa hilo, na kwa hilohilo walimwamini.

Wa tatu ni Nasoro, msugua matumbo ya boti za watalii chini ya maji. Alibana pumzi mpaka walio juu wakaanza kumsomea dua.

Jumanne moja Mwatime aliacha mahamri yakaungua, akaenda mbio kwa mpandisha bendera.

"Shikamoo, Mzee. Kesho Mgeni anakuja, na safari hii haji kutembea. Anakuja kukaa."

"Marahaba. Mbona mashine inasema kesho safi?"

"Mashine na iseme. Mimi kesho nimeshainusa. Inanuka nyumba iliyofungwa na watu wakiwa ndani."

Mzee akasema, "Nikipandisha nyekundu kwa neno lako na isiwe kweli, nitakuwa mwongo siku moja. Na siku moja inatosha."

Kulipokucha upepo ulikatika. Bahari ilitulia ikang'aa kama mafuta ya kupikia. Kunguru walitembea chini kama kuku, hakuna aliyeruka, na paka walikaa barazani midomo wazi. Ofisi ikatangaza buluu. Mzee Bwanaheri akatazama wale kunguru, akapandisha nyekundu.

Meneja wa hoteli kubwa alimjia mbio. "Una wazimu, Mzee? Wageni wangu wamelala!"

"Waamshe."

Wala hakuondoka pale mlingotini, maana angeondoka tu wangeishusha. Watu walikuja, wakatazama bendera, wakamtazama yeye. "Kweli, Mzee?" "Kweli." Wakabeba wazee wao na watoto wao, wakapanda Kilimani. Kila aliyeuliza alijibiwa, na kila jibu lilimwingiza Mgeni kifuani mwa mzee.

Mwatime naye hakupanda. Alizunguka mitaa pua wazi, kwa kuwa pua iliyozibwa hainusi. Alimfuata Mgeni nyuma, akipaza sauti: "Sokoni msipite, ameshafika! Piteni msikitini!" Bila yeye, nusu ya mji ingekimbilia kulekule aliko Mgeni.

Nasoro alikuwa amepanda nusu ya kilima alipomsikia Mwalimu Raya wa chekechea akilia. Shule yake iko bondeni, karibu na jaa. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamejilaza mikekani mmoja mmoja, naye alitoka kutafuta msaada, miguu ikakataa kurudi. Nasoro alijaza kifua, akashuka. Akatoka na wawili, akavuta hewa huku juu, akashuka tena. Mara sita alishuka, mpaka watoto wote wakawa nje, wanakohoa lakini wazima.

Hapo ndipo alipogeuka ghafla. "Yuko mmoja bado."

"Wametimia, Nasoro! Kumi na mmoja, nimewahesabu mwenyewe!"

"Ananiita. Husikii? Anasema, 'Kaka, na mimi.'"

Mwalimu hakusikia kitu. Nasoro akashuka mara ya saba. Alitafuta chini ya kila meza mpaka pumzi ikamwishia, akavuta ya mle ndani. Alitoka akiyumba, mikono ameikunja kifuani kama aliyebeba mtoto. Mikono ilikuwa mitupu.

Alasiri upepo ulirudi. Mkunguni nzima hakufa hata mtu mmoja. Ila watatu hao walilala zahanati, midomo imegeuka rangi, na mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja. Msiniambie wapokezane! Muuguzi Sauda alisema pumzi iliyobaki inamfikisha mtu mmoja tu hospitali ya mbali. Ukiigawa, wanakufa wote.

Watu wakaanza kugombana mlangoni.

"Bila pua ya Mwatime, nani angejua?"

"Kujua bila kuaminiwa kuna faida gani? Mpe Mzee!"

"Na wanangu wawili alionitolea Nasoro, je?"

"Huyo alipatwa akimfuata mtu asiyekuwapo!"

"Angejuaje kama hayupo? Wewe ungeitwa na mtoto ungekaa?"

Muuguzi akaona bora awaulize wenyewe.

Mwatime alimshika mkono. "Nipe mimi, mwanangu. Naogopa. Tena kesho kutwa anarudi, nimeshamnusa. Nani atawaambia?"

Mzee Bwanaheri alisema, "Naitaka. Siwezi kusema siitaki."

Nasoro alikuwa bado amekunja mikono kifuani. Akasema kwa taabu, "Anza na huyu mtoto."

Basi mimi nimefika hapo. Muuguzi ana barakoa moja mkononi, na vifua vitatu vinapanda na kushuka mbele yake, kila mara kidogo zaidi. Je, wewe ungemvika nani? Na wale wawili utakaowaacha, macho yao wazi wanakutazama, utawaambia nini?