Kidari cha Babu Ndesario

Hadithi hii aliisimulia kwanza babu yetu Ndesario mwenyewe, Desemba 2009, kwenye harusi ya binti yake wa mwisho, Eliaichi, akiwa ameshika kisu cha nyama.

Mbele yake walikuwepo watatu. Mkamwana wake Aikande alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Daktari Mbonea alijua dawa. Dada yake babu, Ndeanasia, mkunga wa zamani, alikuwa na mikono inayojua kufunga.

Babu alikuwa akianguka. Akisimama tu, macho yanaingia giza na magoti yanalegea. Na katika ukoo wetu baba humbariki bibi harusi akiwa wima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho; akiketi, mdogo wake humpokea. Babu akasema, "Mwanangu nitambariki mimi, kwa miguu hii."

Zahanati walimpima presha mara nyingi, wakaisifu. Aikande ndiye aliyeona kosa: kwa heshima, kila alipoingia alipewa kiti.

"Mpimeni amesimama."

"Mama, mzee kama huyu tumsimamishe?"

"Kwani mmesikia ameanguka akiwa ameketi?"

Wakampima amelala, kisha amesimama. Presha iliporomoka, naye akaangukia mikononi mwa Aikande.

Daktari Mbonea alieleza kwamba neva zinazobana mishipa ya damu mtu anaposimama zilikuwa hazifanyi kazi, hivyo damu ilibaki miguuni na tumboni. Akampa vidonge vya kuhifadhi chumvi na maji mwilini, akaagiza anywe maji ya kutosha, na kitanda kiinuliwe kwa matofali upande wa kichwani. Babu akaanza kunyoa ndevu amesimama. Lakini alipojaribu kuisema baraka yote, alianguka katikati.

Ndipo Ndeanasia akaja na mkaja, kitambaa kirefu anachofungwa tumboni mwanamke aliyejifungua.

"Mkaja, dada? Nimezaa nini?"

"Umezaa ukaidi. Lala nikukaze kabla hujainuka."

Siku ya harusi Eliaichi alipiga magoti. Babu alisimama. Alipolitaja jina la marehemu mama yake Eliaichi aliyumba, akajiweka sawa, akaendelea. Hakuketi mpaka watu walipoitikia amina.

Kikabaki kidari cha mbuzi. Kwetu hupewa aliyeifanikisha shughuli, mtu mmoja, wala hakikatwi vipande.

"Bila mimi, daktari angetibu nini?" akasema Aikande.

"Bila dawa, mkaja ungemfunga mtu wa kitandani," akajibu Mbonea.

Ndeanasia akacheka. "Na vidonge vyako vilimfikisha wapi? Katikati!"

Babu akatugeukia sisi tuliokuwa tukila. "Wamenisimamisha watatu, na kidari ni kimoja. Haya, semeni."

Nasi tukabishana mpaka nyama ikapoa. Je, wewe msikilizaji, ungemkabidhi nani?

Babu Ndesario na Daktari Mbonea wamekwisha kufariki. Walio hai ni Eliaichi, Aikande, na Bibi Ndeanasia, ambaye kila mbuzi akichinjwa huuliza kama tumeshaamua.